Haki hudaiwa na wanaotumikiana

Kila Jumatatu ya tatu ya mwezi Januari, Marekani humkumbuka Martin Luther King Jr., mchungaji aliyeongoza mapambano ya watu weusi dhidi ya ubaguzi hadi alipouawa kwa risasi mwaka 1968. Sikukuu hiyo ilipitishwa kisheria mwaka 1983, ikaanza kuadhimishwa 1986, na mwaka 1994 ikatungwa sheria nyingine ya kuifanya siku ya kujitolea. Tangu hapo watu huitumia kupaka rangi madarasa, kuokota taka na kugawa chakula. Afrika nayo ina ya kwake: kila tarehe 18 Julai, Siku ya Mandela, watu huombwa watoe dakika 67 za kuwahudumia wenzao, kwa hesabu ya miaka aliyoitumia Mandela kupigania haki. Si wote wanaofurahia mtindo huu. Wanaharakati wengi huona kwamba ufagio umechukua nafasi ya bango, kwamba mtu aliyewanyima usingizi wenye mamlaka amegeuzwa mzee mpole wa usafi wa mitaa, na kwamba mwanasiasa anayeikwamisha haki bungeni hupata siku moja ya kupigwa picha akiwa na brashi ya rangi mkononi.

Lalamiko hilo lina ukweli, ila limeacha jambo kubwa zaidi. Wanaolalamika na wanaolalamikiwa wanakubaliana bila kujua, maana wote huchukulia kwamba kuwatumikia watu ni kazi moja na kudai haki ni kazi nyingine. Wa kwanza wanadhani utumishi ni wa vyama vya hisani. Wa pili wanadhani haki imeshapatikana na kilichobaki ni wema. Historia ya mapambano yenyewe inaukataa mgawanyo huo. Kudai haki kuna gharama: mtu hufukuzwa kazi, hukamatwa, hukosa nauli, hukosa unga. Anayedai kwa njia ya amani amejinyima hata ile nafuu ya kurudisha pigo. Kumwambia avumilie kwa hotuba peke yake ni kumdanganya, na wahenga walishasema mkono mtupu haulambwi. Asipopata wa kumbebea sehemu ya mzigo huo, atafanya moja kati ya mawili: njaa itamrudisha nyumbani, au hasira itamtoa na mawe. Kinachomzuia kufika huko ni utumishi wa wenzake, na ushahidi bora wa jambo hili uko Montgomery, katika jimbo la Alabama.

Kisa chenyewe kinajulikana kwa juu juu. Tarehe 1 Desemba 1955, Rosa Parks alikataa kumpisha abiria mweupe kiti katika basi, akakamatwa. Lisilosemwa sana ni kwamba Parks alikuwa katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, na kwamba Machi mwaka huohuo msichana wa miaka 15, Claudette Colvin, alikuwa ameshakamatwa kwa kosa la namna hiyohiyo. Usiku wa kukamatwa kwa Parks, mwalimu wa chuo, Jo Ann Robinson, aliingia chuoni na kudurufu makumi ya maelfu ya vipeperushi vya kuwataka watu wasipande mabasi Jumatatu ya tarehe 5. Kiasi cha robo tatu ya abiria wa mabasi hayo walikuwa weusi, na siku hiyo mabasi yalipita matupu. Alasiri wakaunda chama na kumchagua mchungaji kijana wa miaka 26, King, kuwa mwenyekiti. Hapo ndipo simulizi nyingi huishia, kama kwamba baada ya hotuba ushindi ulijileta wenyewe. Lakini kususia basi siku moja hakumshindi mtu. Montgomery walisusia siku 381.

Waliosusia walikuwa watu gani? Wengi wao walikuwa wanawake waliofanya kazi za ndani: wapishi, yaya na madobi waliovuka mji kila asubuhi kwenda majumbani kwa weupe. Asiyefika kazini hakulipwa. Mwanzoni madereva wa teksi weusi waliwabeba kwa senti 10, sawa na nauli ya basi, mpaka mji ukaikazia sheria ya nauli ya chini ya teksi ya senti 45. Ndipo King akamtafuta mchungaji Theodore Jemison wa Baton Rouge, Louisiana, aliyeongoza susio la mabasi mwaka 1953, akapata kwake utaratibu wa magari ya kujitolea. Magari kama 300 yakapangwa kwa ratiba, yakawekewa vituo vya kuchukulia na kushushia abiria, na wasimamizi wa kuyaelekeza. Makanisa yakanunua magari ya ziada kwa michango. Polisi wakawaandama madereva kwa makosa madogomadogo ya barabarani. King mwenyewe aliwekwa ndani Januari 1956 kwa kuendesha maili 30 kwa saa mahali pa maili 25. Kampuni za bima zilipoyafutia magari ya makanisa bima, viongozi wakaitafuta hadi soko la Lloyd's, London. Haya ni mambo ya petroli, matairi na hati za bima. Hakuna anayeyachongea sanamu, lakini ndiyo yaliyowafikisha watu kazini na kuwarudisha.

Petroli nayo ilitaka fedha. Georgia Gilmore, mpishi, alikusanya wanawake wenzake wakawa wanapika kuku, keki na chakula cha mchana, wanauza mitaani, katika saluni na kwenye mikutano ya kanisani, kisha wanakabidhi mapato kwa chama. Kikundi chao walikiita Klabu Isiyotoka Popote, kwa sababu aliyeuliza fedha zimetoka wapi alijibiwa kwamba hazikutoka popote. Jina la mchangiaji lingejulikana, mwajiri wake angemfukuza. Gilmore aliposimama mahakamani Machi 1956 kutoa ushahidi katika kesi aliyoshtakiwa King kwa ajili ya susio, alipoteza kazi yake ya upishi. King akamhimiza na kumsaidia kuanza kupika nyumbani kwake, na jiko lake likawa mahali ambapo viongozi wa mapambano walikutana na kula. Mtu hujikuna ajipatapo: mwenye gari alitoa gari, mwenye sufuria alitoa sufuria. Mama lishe huyu hakuwa akifanya hisani pembeni mwa mapambano. Ukimwondoa yeye na wenzake, fedha za petroli zinapungua. Petroli ikipungua, magari yanasimama. Magari yakisimama, dobi anarudi kwenye basi na kukaa viti vya nyuma.

Utumishi huo ulifanya na kazi nyingine ambayo haionekani kwa urahisi: ulizuia vita. Tarehe 30 Januari 1956 nyumba ya King ililipuliwa kwa bomu, mkewe na mtoto wao mchanga wakiwa ndani. Umati ulijaa nje, wengine wakiwa na silaha, na King akawaomba warudi makwao. Walirudi. Husemwa kwamba ufasaha wake ndio uliowatuliza, na ufasaha alikuwa nao. Lakini watu hao walikuwa wakikutana makanisani kila Jumatatu na Alhamisi, wakipewa taarifa za magari na za fedha, wakijua nani kafukuzwa kazi na nani kasaidiwa. Anayeomba subira kwa watu anaowahudumia husikilizwa tofauti na anayeiomba jukwaani tu. Na Desemba 1956, kabla ya kurudi kwenye mabasi yasiyo na ubaguzi, walifanya mazoezi makanisani: viti vilipangwa kama basi, watu wakaigiza kutukanwa na kusukumwa, wakajifunza kutojibu. Nidhamu ya namna hiyo haizaliwi siku ya maandamano. Hujengwa na mwaka mzima wa kufanya kazi pamoja na kuwajibika mmoja kwa mwingine.

Atatokea wa kusema kwamba yote hayo ni mapambo, kwani kilichoshinda ni mahakama. Kweli, sheria ya kubagua abiria iliangushwa na kesi iliyofunguliwa Februari 1956 na wakili Fred Gray kwa niaba ya wanawake, miongoni mwao Aurelia Browder na msichana Colvin, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikaithibitisha hukumu hiyo tarehe 13 Novemba. Lakini tazama kilichokuwa kikiendelea pande zote za kesi hiyo. Mlalamikaji mmoja alijitoa mara moja baada ya kutishwa. Wanne waliobaki walibaki wakiwa na jamii nyuma yao. Februari hiyohiyo viongozi zaidi ya 80 walishtakiwa kwa sheria ya mwaka 1921 iliyokataza kususia biashara, na siku ileile ya hukumu ya Washington, mahakama ya Alabama ilikuwa ikiupa mji amri ya kuyapiga marufuku magari ya kujitolea. Mji ulijua nguvu ya susio iko wapi. Tena hukumu bila watu huwa karatasi. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu hiyohiyo ilikataza kubagua wanafunzi, na miaka 10 baadaye watoto weusi wa majimbo ya Kusini waliosoma darasa moja na weupe hawakufika hata 3 kwa kila 100. Montgomery hukumu ilipofika iliwakuta watu wameshajipanga kuikalia viti.

Mfano wa pili unaonyesha zaidi jinsi utumishi unavyozaa haki. Katika majimbo mengi ya Kusini, aliyetaka kujiandikisha kupiga kura alitakiwa kuonyesha kwamba anajua kusoma, na mtihani huo ulitumika kuwatupa nje weusi walionyimwa shule. Katika kisiwa cha Johns, South Carolina, Esau Jenkins alikuwa na basi la kuwapeleka watu kazini Charleston, akawa anawafundisha katiba njiani. Yeye na mwalimu Septima Clark, aliyefukuzwa kazi mwaka 1956 kwa kukataa kujitoa NAACP, wakaanzisha shule ya watu wazima Januari 1957 katika chumba cha nyuma cha duka la ushirika. Mwalimu waliyemchagua, Bernice Robinson, alikuwa msusi. Msusi hakutegemea mshahara wa mtu mweupe, na alizoea kusikiliza watu. Aliwauliza wanafunzi wanataka kujifunza nini, wakataja kusoma Biblia, kuandika majina yao, kujaza fomu za posta za kutuma fedha. Akaanzia hapo. Shule za namna hiyo zikaenea, chama kingine alichokiongoza King kikazichukua mwaka 1961, na kina mama waliotoka mashambani, kama Fannie Lou Hamer wa Mississippi, wakawa wakufunzi na viongozi. Wanaotaja sheria ya haki ya kupiga kura iliyotiwa saini tarehe 6 Agosti 1965, ambayo ilisimamisha mitihani ile, huanza na maandamano ya kudai kura mjini Selma. Maandamano yalikuwa na watu wa kuandamana kwa sababu mtu fulani aliwafundisha kushika kalamu.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza. Wapo wanaosema utumishi ni dawa ya kutuliza maumivu: jamii ikijichangia madawati, serikali husahau wajibu wake, masikini akipewa mchele, husahau kuuliza kwa nini hana. Nakubali kwamba utumishi wa namna hiyo upo, na ndio unaopendwa na wenye mamlaka, kwa sababu haumgusi mtu. Lakini kosa haliko kwenye mchele. Memphis, Tennessee, tarehe 1 Februari 1968, wazoa taka wawili, Echol Cole na Robert Walker, walisagwa hadi kufa na mtambo wa gari la taka walipojikinga mvua. Wenzao 1,300, karibu wote weusi, wakagoma siku 11 baadaye wakidai chama chao kitambuliwe na mishahara ipande. Makanisa yakakusanya chakula na fedha za kuzilisha familia zao. Kama makanisa hayo yangewagawia chakula miaka yote bila mgomo, wangebaki palepale, na mwajiri angeshukuru kwa kupunguziwa lawama ya mshahara duni. Chakula kilekile, kikitolewa ili mtu aweze kukataa kuonewa, kikawa silaha ya amani. King aliuawa mjini humo tarehe 4 Aprili alipokwenda kuwaunga mkono, na tarehe 16 mji ukakubali masharti. Basi kipimo cha utumishi ni hiki: je, anayetumikiwa anabaki na nguvu zaidi ya kusema hapana, au anabaki na deni la shukrani?

Pingamizi la tatu linatoka kwetu Afrika: njia ya amani haifai mbele ya mtawala anayeua. Wareno waliwafyatulia risasi wakulima wa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, Juni 1960. Makaburu waliwaua watu 69 Sharpeville Machi ya mwaka huohuo. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika kwa sababu Tanzania, iliyopata uhuru wake bila vita, ilikubali kwamba kuna milango isiyofunguka kwa kubishwa. Sina ubavu wa kumhukumu aliyeshika bunduki baada ya Mueda. Ila hata huko hoja yangu haianguki, maana FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, haikuishi kwa bunduki tupu: katika maeneo iliyoyakomboa iliendesha shule na zahanati, na wanavijiji waliwabebea wapiganaji chakula na mizigo. Na pale ambapo njia zote mbili zimejaribiwa, takwimu zina la kusema. Watafiti Erica Chenoweth na Maria Stephan walichunguza kampeni 323 za kuondoa tawala au wavamizi kati ya mwaka 1900 na 2006. Zilizokwenda kwa amani zilifanikiwa kwa asilimia 53, za silaha kwa asilimia 26. Sababu kuu waliyoiona ni wingi wa watu. Bunduki huchagua vijana wenye miguu mepesi; susio humpokea bibi kizee, mama mjamzito na mlemavu, na nchi haitawaliki wote hao wakikataa kutii.

Chenoweth huyohuyo ametahadharisha kwamba katika miaka ya karibuni kampeni za amani zimekuwa zikishindwa mara nyingi zaidi kuliko zamani. Miongoni mwa sababu alizozitaja ni kutegemea mno maandamano ya barabarani na mwito wa mitandaoni, huku kazi ya muda mrefu ya kujipanga na kususia ikiachwa. Hilo lapaswa kutuamsha. Simu inaweza kujaza barabara kwa saa chache, lakini haijazi sufuria. Kundi lililokutanishwa na alama ya reli mtandaoni halijui nani kati yao ana mtoto mgonjwa nyumbani, nani mwenye nyumba wake amemtishia, nani akikamatwa hana wa kumdhamini. Watu waliokwisha kuhudumiana wanayajua hayo yote, ndiyo maana hudumu.

Kenya ina ushahidi wake, nao una undugu na ule wa Marekani. Tom Mboya, ambaye King na wenzake walimwandalia hafla Atlanta Mei 1959, ndiye aliyeongoza mpango wa kupeleka vijana kusoma Marekani, na mwaka 1960 Wangari Maathai alikuwa mmoja wao. Baada ya kurudi nyumbani, mwaka 1977 alianza kupanda miti pamoja na wanawake wa vijijini waliohitaji kuni, maji na kipato. Miaka ya kupanda miche ilimpa kitu ambacho wanasiasa wengi hawakuwa nacho: kuaminiwa na wanawake hao. Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikwenda kwake, wakafunga kula katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Polisi waliwapiga na kuwatawanya. Wakahamia chumba cha chini cha kanisa kuu la All Saints na kukaa kama mwaka mzima, wakilishwa na kutembelewa na wananchi, hadi karibu wana wao wote wakaachiwa. Juni 2024 vijana walipoupinga Muswada wa Fedha, madaktari na mawakili walijitolea kuwatibu majeruhi na kuwatetea waliokamatwa, na rais akakataa kuutia saini baada ya damu kumwagika. Nani atakumbuka majeruhi wale wanapohitaji upasuaji wa pili, au familia zilizozika? Jibu la swali hilo litaamua zaidi ukubwa wa nguvu ya vijana hao siku zijazo kuliko idadi ya watakaotoka barabarani.

Kwa hiyo ushauri wangu una pande mbili. Enyi mnaoita watu waandamane au wagome, msitangaze tarehe kabla hamjajua nani atapika, nani atalipa dhamana, nani atakaa na watoto na nani atamfuata aliyefukuzwa kazi mpaka apate nyingine. Na hesabu za michango zisomwe hadharani. Nanyi mnaogawa chakula, misikitini, makanisani na katika vikundi vya kina mama, endeleeni, lakini muulizeni mnayempa kwa nini hana, kisha mwende naye kwa yule mwenye jibu. Anayetaka kumuenzi King kwa ufagio na aufagie mtaa. Akimaliza, aulize kwa nini mtaa huo haupelekewi gari la taka, na asiondoke ofisi ya mji bila kujibiwa.